Sufuria Nyeusi ya Kwenda Migori

Homa Bay, Alhamisi mchana

Mwanangu,

Najua ukiliona neno hilo hapo juu utacheka kwanza, halafu utatazama mlangoni kama kuna mtu amekuona. Kwa mdomo nakuita Baba, na kesho ukiwa umeshika begi nitakuita Baba mbele ya watu wote. Lakini wewe mwenyewe hujawahi kuniita Akoth. Tangu nilipozaliwa nikapewa jina la marehemu mama yako, wewe huniita Mama. Na kila unaposafiri, hata ukienda Uriri mazishini na kurudi siku hiyo hiyo, husimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, mwanao anaenda. Unamwambia nini?" Watu wote hungoja. Mimi hutazama miguu yangu. Nina miaka kumi na minane na sijawahi kukujibu hata mara moja.

Leo nakujibu. Umeenda kurudisha rodi za kuzibulia mabomba na buti za kazi, Mama mzazi yuko sokoni na samaki wake, nyumba iko kimya. Nikikuandikia kama binti nitaomba radhi kila mstari, kwa hivyo nimeamua kulitumia hilo jina mlilonipa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichonilea. Wewe Mjaluo, yeye Mkuria, mkakutana hapo katikati nami nikazaliwa hapo.

Sitakuambia ubebe sweta. Sweta liko ndani ya begi tayari. Wala sitakuelekeza njia ya Migori, kwa wakwe zako, unaijua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya Jumamosi iliyopita, ulipoingia ndani ukaweka kofia kitandani na kusema, "Mama, acha wamtafute mtu mwingine. Mimi ni mtu wa kuongea na mabomba."

Miaka yote hii umekuwa ukishuka kwenye chemba za majitaka za mji huu na kutoa kwa mikono yale ambayo watu wamemwaga majumbani. Huko Migori sasa kuna nyumba zinazongoja kuunganishwa na laini mpya ya majitaka, nawe umechaguliwa kuzipitia moja moja kabla hazijaunganishwa, uwaeleze watu kipi kiingie kwenye bomba na kipi kisiingie. Yaani umeombwa ufike kabla hawajamwaga. Mimi naona hujawahi kupewa kazi nzuri kama hii. Najua pia kwa nini unaiogopa, maana woga huo nimeutoa kwako. Kwa bibi sikuutoa. Wanasema bibi akiita kuku wake, kuku wa jirani nao walikuwa wanakuja.

Jumamosi ulitaka kuyajaribu maneno yako kwa majirani wa hapa ploti tunapopanga. Ulisimama karibu na bomba la nje, ukafungua karatasi uliyopewa, ukasoma: "Ni marufuku kumwaga mafuta kwenye sinki. Ni marufuku kutupa nepi chooni. Ni marufuku..."

Mama Brayo hakukungoja umalize. "Baba Akoth, kwani umekuja kutufungulia choo ama jela?"

Wakacheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwake akaamka. Wewe ukaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni. Hukukasirika. Ungekasirika ningeona afadhali.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku hiyo. Sasa nataka nikukumbushe jambo langu, ambalo tangu lilipokwisha hatujawahi kulizungumza mpaka mwisho, mimi na wewe.

Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani, jikoni kukawa kwangu. Ukanipa sufuria ya bibi, ile kubwa iliyobonyea upande mmoja, ukanisimulia tena jinsi alivyokuwa akizisugua sufuria zake kwa jivu na mchanga mpaka mtu anaweza kujitazama ndani yake akachana nywele. Nikaanza kusugua. Jivu lilitoka kwenye jiko letu la makaa, mchanga nilichota kwenye mjengo wa jirani, kidogo kidogo, kwa mkebe. Siku ile uliponyanyua sufuria ukaielekeza dirishani, ikakumulika usoni, ukasema, "Kweli Mama amerudi." Mwanangu, hujui maneno hayo yalinifanyia nini. Nilikuwa mtu wa kupita kando ya ukuta. Nikisalimiwa najibu baada ya aliyenisalimia kwenda. Lakini nilikuwa na sufuria zilizokuwa zikiniongelea.

Ambacho hukukijua ni mahali nilipokuwa naziosha. Wanawake wote wa ploti huoshea vyombo nje, kwenye bomba, na maji yale hufuata mfereji mpaka kwenye migomba ya nyuma. Wanaosugua kwa jivu hulipeleka jivu lao kwenye migomba, na migomba haijawahi kulalamika. Lakini pale bombani lazima uongee. "Akoth, matokeo je? Akoth, chuo gani? Akoth, huyo kijana wa duka la simu mbona anauliza habari zako?" Sikuweza. Nilifunga mlango, nikaoshea jikoni, kwenye sinki. Jivu, mchanga, magamba ya ngege, samaki wa Mama mzazi, na mafuta niliyokuwa nimewakaangia, vyote nilivisukuma kwenye tundu lile dogo. Maji yakisitasita nilichemsha birika nikayamwagia moto moto. Tundu lilinguruma, likameza. Nilifurahi. Nilidhani kikishanitoka machoni kimekwisha duniani.

Halafu mvua zikaja, na asubuhi moja chemba ikafurika. Ile chemba ya ploti yetu, lile shimo lenye mfuniko ambapo mabomba ya nyumba zote hukutana, iko mbele ya mlango wa Mama Rukia. Maji meusi yaliingia kwake mpaka chini ya kitanda. Aliamka akitafuta ndara zake, akakuta zinaelea.

Hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mama Rukia hupika mahamri na sambusa za dukani kwake. Mama Rukia ana karai kubwa kuliko beseni. Mama Rukia si wa huku, alikuja kutoka pwani na biashara yake. Mzee Ochola, mwangalizi wa ploti, alisimama juu ya tofali asilowane akamwambia, "Mama, mafuta yako yametuziba. Mwezi ukiisha uwe umepata kwingine."

"Mafuta yangu siyamwagi ng'o," Mama Rukia akasema. "Nayatia kwenye mtungi, yakitosha mwenye kutengeneza sabuni huyafuata. Njoo uutazame mtungi."

"Sina haja ya mtungi. Pua yangu inatosha."

Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye chemba, mkono wote umezama. Ulitoa bonge kubwa kama kichwa cha mtoto, ukalivunja kwa vidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu. Nje lilikuwa jeupe kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, lakini ndani lilikuwa la kijivu, limeshikana kama saruji, na magamba yakimetameta. Ulilitazama kwa muda. Kisha ukaliweka ndani ya ndoo, ukafunika, ukaendelea na kazi.

Mimi nililijua bonge lile kama mtu anavyojua mwandiko wake.

Nilinyamaza siku mbili. Nataka uzijue siku hizo mbili zilivyokuwa, kwa sababu wewe uliniona tu nikifagia. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba nitasema jioni. Jioni nikajiambia kwamba Mzee Ochola hasira zitamwisha. Siku ya pili nilimsikia Mama Rukia akiburuta masanduku, akijaribu kipi kitaingia wapi. Ilikuwa Ijumaa. Na kama kila Ijumaa, alituletea mahamri kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. "Mpe na babako," aliniambia. "Juzi kanisaidia kutoa maji, hata chai hakunywa."

Mahamri yale sikuweza kuyameza. Niliichukua sahani pamoja na mkebe wangu wa jivu, nikaenda kwake. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote mlangoni. Nikamnyooshea mkebe.

"Nini hiki?"

"Jivu."

"Naona ni jivu. Mimi napikia gesi, mwanangu, jivu na mimi wapi na wapi?"

"Ndiyo," nikasema. "Si wewe. Ni mimi."

Alinitazama, akautazama mkebe, akaitazama sahani ambayo haijaguswa. Nilidhani atanipiga. Akaketi juu ya sanduku lake lililofungwa nusu. "Siku mbili," akasema. "Siku mbili nimekuwa nikikusalimu, na wewe waitikia." Hilo liliniuma kuliko kofi. Kisha akavaa mtandio wake. "Haya, twende kwa Ochola. Utasema wewe. Mimi nitakushika mkono tu, mdomo sikuazimi."

Nilisema pale bombani, watu wote wakiwepo. Nilisema vibaya, kwa kukatakata, nikaanzia katikati. Nilisema jivu, mchanga, mafuta ya samaki, birika. Nilisema nilikuwa najificha. Halafu Mama Brayo akapiga makofi mara moja.

"Kumbe zile sufuria zinazong'aa, ploti nzima ndiyo ilikuwa inasuguliwa!"

Wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Kisha Mama Brayo huyo huyo akasema, kwa sauti ya chini, "Sasa tukisema ukweli, hata mimi kuna nepi. Usiku ukiwa umechoka, unaitupa tu, unaivutia maji." Mwingine akasema nywele za rasta anazofumua kila Jumapili. Mzee Ochola akajikuna shingo akakiri kwamba ni yeye aliyeelekeza maji ya paa kwenye chemba, ili yasimwagike mlangoni kwake, ndiyo maana mvua ikinyesha hufurika haraka. Hakuna aliyewauliza. Walikuwa wamebeba, wakapata pa kutua.

Mama Rukia alifungua masanduku yake. Mzee Ochola hakumwomba msamaha kwa mdomo, lakini kesho yake alimletea mfuniko mpya wa chemba na kuusafisha mwenyewe kwa brashi, kama anasafisha kiatu. Mama Rukia akampa sambusa moja. Moja tu.

Nilipokuja kukuambia wewe, ulikuwa unafua ovaroli. Hukuinua kichwa. Ukasema, "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Nilipolivunja. Lilikuwa na jivu. Hapa ni nani mwingine anasugua kama mama yangu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja Mama aseme."

Sikukujibu siku ile. Nilienda nikalala. Lakini leo naandika kama Mama na nitakujibu. Mwanangu, hapo ulikosa. Mimi nilikosa kwa woga, wewe ulikosa kwa upole, lakini kwa Mama Rukia makosa hayo mawili yalikuwa kitu kimoja: masanduku. Ulikuwa na bonge mkononi na ukweli ndani yake, ukaufunika kwenye ndoo ili mtoto wako asiaibike. Nilikupenda kwa hilo, na ninakuambia usilifanye tena. Huko uendako utaona mambo kwenye sinki za watu. Utamwona mtu analaumiwa kwa kosa la mwingine kwa sababu tu ni mgeni, au ana karai kubwa. Sema siku hiyo hiyo. Sema vibaya kama mimi, anzia katikati, lakini sema.

Wiki ile ile ulinipeleka kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Nilikuwa nimezoea kufunga pua tukipita upande ule. Ulinitembeza ukingoni asubuhi, maji ya bwawa la mwisho yakiwa ya kijani na ndege weupe wakitembea kandokando kama wenye mji. Ulizungumza siku ile kuliko nilivyowahi kukusikia ukizungumza.

"Hapa kuna jua na vijidudu, Mama, basi. Vijidudu vinakula uchafu, jua linavisaidia. Ukivipa kinyesi na maji ya kuogea, vinamaliza. Ukivipa mafuta, yanatanda juu kama mfuniko, jua haliingii. Mchanga unashuka chini, kila mwaka kina cha bwawa kinapungua. Zile dawa kali za kung'arisha choo zinaviua kabisa. Nepi, hizo zinakaa tu. Hakuna wa kuzila."

"Kisha maji yanaenda wapi?"

Ukaelekeza ziwani kwa kidevu. Kule kule wanakotoka samaki wa Mama mzazi, wanaokuja jikoni kwangu, ambao mafuta yao niliyasukuma kwenye tundu. Hukusema hayo. Ulielekeza kidevu tu, ukaniacha nizunguke mwenyewe mpaka nifike.

Kwa hiyo usiniambie huwezi kuongea na watu. Uliongea nami. Siku ile hukuwa na karatasi.

Hiyo ndiyo sababu nakuomba karatasi ile ya marufuku uiache begini ukifika mlangoni kwa mtu. Mtu akisikia marufuku hufunga mlango akaoshea ndani, na mimi najua mlango uliofungwa unazaa nini. Waulize kwanza jinsi wanavyoosha vyombo. Waulize nani aliwafundisha. Utaona uso wa mtu unavyobadilika akimtaja mama yake au bibi yake. Watu hawamwagi uchafu kwa ubaya, wengi wao wanafanya walivyofunzwa mahali palipokuwa na migomba, na sasa migomba haipo, lakini mkono haujui. Mkono wangu haukujua. Kisha waambie juu yetu. Waambie mwenye rodi za mji mzima, bintiye ndiye aliyeziba ploti. Naona tayari unavyoona aibu. Lakini mimi ndiye mwenye aibu hiyo, na nimekuruhusu. Ichukue. Nimeitumia mara moja nikaona inavyofanya kazi.

Ukipewa chai, kunywa.

Mambo ya hapa usihofu. Sasa naoshea nje. Bado siongei sana, lakini jana Mama Brayo aliponiuliza habari za kijana wa duka la simu nilimwambia, "Mwambie aje anisugulie sufuria," wakacheka mpaka nikashtuka kwamba ni mimi niliyewachekesha. Mafuta ya samaki nayafuta kwa gazeti kabla maji hayajagusa chombo, gazeti naliwashia jiko. Yakibaki mengi nampelekea Mama Rukia kwenye mtungi wake. Chemba tumeifungua Jumatatu pamoja na Mzee Ochola. Maji yalikuwa yanapita chini, membamba, yanasikika. Sikujua kama mtu anaweza kufurahishwa na sauti ya majitaka. Nilikufikiria wewe, nikajua kwamba umekuwa ukiisikia sauti hiyo peke yako miaka yote.

Ndani ya begi lako, chini ya sweta, nimekuwekea sufuria ya bibi. Usidhani nimesahau kuisugua. Siku hizi nje naiacha ilivyo. Ndani ni safi, unaweza kulia ugali hivyo hivyo, lakini nje ni nyeusi kwa moshi, na kwenye kile kibonyeo ndiyo usiseme. Kwa mwanamke wa Migori aliyelelewa vizuri ni aibu kubwa. Ibebe mkononi unapobisha hodi. Atakuona, mwanamume mzima na begi na sufuria chafu, na hataweza kujizuia. Atakuuliza, "Baba, hiyo sufuria haina mwenyewe?" Hapo utakuwa tayari umeshaanza kuongea. Mwambie ina mwenyewe. Mwambie ni ya mama yako, na kwamba zamani iling'aa, umwambie kilichotokea.

Kesho asubuhi utasimama mlangoni na begi lako. Mama mzazi atakuwepo, na Mama Rukia na mahamri ya safari, na Mama Brayo hatakosa. Utaniuliza kama kawaida, na watu watangoja.

Uliza tu, wuoda, mwanangu. Nimefanya mazoezi ya kuinua kichwa. Nitasema, "Nenda, mwanangu, uanze na sufuria," nitasema kwa sauti ambayo kuku wa jirani watasikia.

Mama yako,
Akoth
(na binti yako, ambaye atakuita Baba tena ukishafika barabarani)